Mary Jones baada ya Bala: mama mmoja na Biblia yake (sehemu zote tano)

Mliniomba niziweke sehemu zote mahali pamoja maana wengine walizipata nusunusu. Hizi hapa. Ni ndefu. Soma ukiwa unanyonyesha, ukichoka weka simu chini, mtoto kwanza.

SEHEMU YA 1

Kisa cha Mary Jones wengi mmekisikia Shule ya Jumapili. Binti maskini wa Welisi, ile nchi ndogo ya milima upande wa magharibi wa Uingereza, alidunduliza hela miaka sita, akatembea kama kilomita 40 kwa miguu kwenda kununua Biblia. Mwalimu anaishia hapo. Watoto wanapiga makofi, wanaambiwa wapende Neno, wanapewa pipi, wanaenda nyumbani.

Sasa fanya hesabu ndogo. Mary alipoipata ile Biblia alikuwa na miaka 15. Alipokufa alikuwa na miaka 80. Katikati hapo kuna miaka 64 ambayo hakuna anayetusimulia, na ndiyo miaka inayofanana na yako na yangu: ndoa, kazi za mikono, mimba, watoto, misiba, uzee. Mimi nataka kuongea kuhusu hiyo.

Sababu ni swali ninaloulizwa sana, wodini na inboksi. Linakuja kwa maneno tofauti lakini ni lilelile: "Dada nesi, mimi nilikuwa na wito. Nilikuwa kwaya, nilikuwa nafundisha watoto kanisani, nilitaka kwenda chuo cha Biblia. Sasa nina watoto wawili, siku inaisha sijafungua hata Zaburi moja. Mungu amenisahau, au mimi ndiye nimemwacha?" Mimi si mchungaji, sina jibu la mimbarini. Ila napenda kusoma historia, na huyu mama wa Welisi ananisaidia kulijibu vizuri kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Alizaliwa Desemba 1784 kijiji cha Llanfihangel-y-Pennant, chini ya mlima Cader Idris. (Matamshi usihangaike nayo, hata Waingereza wenyewe yanawashinda.) Baba yake, Jacob, alikuwa mfumaji wa vitambaa. Alikufa Mary akiwa na miaka minne hivi. Mama yake, Molly, akabaki mjane na binti mdogo, kinyumba cha mawe, na kufuma kwa ajili ya kula.

Watu wengi wanadhani shida ya wakati ule ni kwamba Biblia haikuwepo kwa lugha yao. Hapana. Biblia nzima ya Kiwelisi ilitoka mwaka 1588, miaka karibu 200 kabla Mary hajazaliwa. Shida ilikuwa nakala. Zilichapwa chache, kwa vipindi virefu, na bei yake haikuwa ya mtoto wa mjane. Mwaka 1799 zilichapwa nakala 10,000 na bado hazikutosha, watu walizigombania. Kijiji kizima kingeweza kuwa na Biblia ya kanisani na nyingine moja au mbili kwa wenye mashamba, basi.

Na kusoma kwenyewe? Hapo ndipo anaingia mchungaji Thomas Charles wa mji wa Bala. Alirudisha utaratibu wa shule zinazohama, ambao ulikuwepo kabla yake ukafifia. Mwalimu anakuja kijijini, anakaa miezi kadhaa, anafundisha watoto na wakubwa kusoma, kwa lugha ya mama na si Kiingereza, halafu anahamia kijiji kingine. Shule hiyo ilipofika Abergynolwyn, kilomita tatu hivi kutoka kwa kina Mary, yeye alikuwa na miaka kama 10. Akajifunza kusoma.

Ukishajua kusoma halafu huna kitabu, hiyo ni njaa ya aina yake. Inasimuliwa kwamba mke wa mwenye shamba mmoja wa jirani alimruhusu aende kusoma Biblia yao kila wiki, na Mary akawa anatembea kwenda na kurudi, mvua au jua. Na ndipo akaanza kudunduliza: kulea watoto wa watu, kushona na kufuma soksi, kuuza mayai, kufuga nyuki. Nyuki wakumbuke, tutakutana nao tena.

Angalia kitu hapa. Huyu mtoto hakuambiwa kwamba ataanzisha jambo lolote duniani. Hakuota ndoto, hakutabiriwa mbele ya kanisa. Alichotaka ni kitabu kiwe nyumbani kwao ili akisome bila kuomba ruhusa ya mtu.

SEHEMU YA 2

Mwaka 1800 hela ikatimia. Mahali pa uhakika pa kupata Biblia palikuwa Bala, kwa Bwana Charles. Kilomita kama 40. Kwa walioko Dar, fikiria kutoka Kibaha mpaka Kariakoo, ila ni milima na mabonde na hakuna daladala. Inasimuliwa alikwenda peku. Mama yake alimruhusu, na mimi kama mama huyo Molly ananiumiza roho zaidi ya Mary mwenyewe. Mjane, mtoto wake ndiye nguvu yake, anamwachia aende peke yake kwa ajili ya kitabu.

Alipofika, masimulizi yanagawanyika. Lile tulilozoea linasema Charles alikuwa amebaki na nakala zilizokwisha kuahidiwa watu wengine, Mary akalia sana, mchungaji naye machozi yakamtoka, akampa moja ya zile za watu. Lakini kuna simulizi jingine, lililotoka kwa Mary mwenyewe akiwa mzee, akimweleza mwanamke kijana aitwaye Lizzie Rowlands. Katika hilo, mzigo wa Biblia ulikuwa haujafika. Mary akangoja siku mbili hivi hapo Bala, akihifadhiwa kwa mwanamke aliyewahi kuwa mtumishi nyumbani kwa Charles. Mzigo ulipofika, Charles akampa Biblia tatu kwa bei ya moja.

Mimi naliamini zaidi hili la pili. Halina machozi mengi, lina kungoja. Na kungoja tunakujua sisi. Isitoshe, leo zipo Biblia mbili zinazohesabiwa kuwa za Mary, moja Cambridge na nyingine maktaba ya taifa ya Welisi kule Aberystwyth, jambo linaloendana na hadithi ya nakala zaidi ya moja.

Kabla hatujaondoka Bala naomba tumtazame mtu mwingine ambaye kwenye picha za Shule ya Jumapili hachorwi kabisa. Anaitwa Sally, mke wa Thomas Charles. Familia yake ilikuwa na duka pale Bala. Charles alipomchumbia alikuwa anahudumu kanisa la mbali kusini mwa Uingereza, na Sally hakukubali kuwaacha wazazi wake na duka. Mwanaume ndiye akahamia. Wakaoana 1783. Kule kaskazini mwa Welisi hakupata kanisa lililokubali kukaa naye, maana walimwona ana uamsho uliopitiliza. Kwa hiyo miaka na miaka chakula cha ile nyumba kilitoka dukani kwa Sally. Zile shule zote, safari zote za farasi milimani, mwanamke yuko nyuma ya kaunta anauza chai na vitambaa.

Na safari zenyewe hazikuwa mchezo. Majira ya baridi ya 1799 kuingia 1800 Charles alivuka milima kwenye barafu, kidole gumba kikafa kwa baridi na ikabidi kikatwe. Wale wa fani yangu mnajua hiyo inamaanisha nini wakati ambao dawa ya usingizi haijagunduliwa. Miezi michache baadaye ndipo Mary anabisha hodi. Sasa niambie: katika nyumba ile ni nani alikuwa na wito, ni mwenye kidole kilichokatwa, au ni mwenye duka? Kanisani tungempa kiti cha mbele mmoja tu.

SEHEMU YA 3

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuiandika tangu mwanzo.

Mary akarudi kijijini na kitabu chake. Ndani yake aliandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza cha kubahatisha, tarehe aliyozaliwa, majina ya wazazi wake, mwaka alioinunua, na kwamba yeye ndiye mwenye Biblia hiyo. Mtoto yeyote aliyewahi kumiliki kitu kimoja tu cha thamani anaelewa kwa nini aliandika.

Halafu maisha yakaendelea. Hakuna mkutano uliomwalika atoe ushuhuda. Akafuma vitambaa. Mwaka 1813, akiwa na miaka 28, akaolewa na Thomas Lewis, mfumaji kama baba yake. Wakahamia baadaye Bryn-crug, kijiji kilichoko karibu na bahari, si mbali na kwao. Wakapata watoto wasiopungua sita. Wengi wao wakafa wangali wadogo.

Naomba nikae hapo kwenye hiyo sentensi kwa sababu vitabu vingi vinaipita mbio. Nafanya kazi na akina mama waliojifungua. Najua sura ya mama anayekusanya nguo mpya alizokuwa amezifua na kuzipiga pasi, anazirudisha kwenye begi, anakwenda nyumbani mikono mitupu. Mary alipitia hilo si mara moja. Ile Biblia ya safari ya kilomita 40 ilikuwepo nyumbani siku zote hizo. Haikuzuia kifo. Kama umewahi kuambiwa kwamba ungesoma Neno zaidi mtoto asingekufa, aliyekuambia hajasoma maisha ya watu waliosoma Neno.

Hatuna shajara ya Mary inayotueleza alisoma sura gani siku ya msiba gani. Tulichonacho ni jinsi alivyokumbukwa na watu wa Bryn-crug: mwanamke maskini wa kanisa la Wamethodisti, mtu wa Biblia yake na nyuki wake. Miaka 50 baada ya Bala bado vitu vyake ni vilevile viwili alivyokuwa navyo utotoni. Kuhusu nyuki, inasimuliwa kwamba asali ilikuwa ya matumizi ya nyumbani, na hela ya nta aliigawa kwa Chama cha Biblia na kwa kazi ya misheni. Yaani ana mizinga ya nyuma ya nyumba, na katika hiyo anakata fungu la nchi ambazo hatazifika kamwe.

Huku ndiko kuridhika ninakokutafuta mimi. Si kule kwa kwenye nyimbo, kwamba kila kitu ni shwari. Mtume Paulo katika barua kwa Wafilipi, sura ya 4, anasema kuridhika alijifunza. Angalia kitenzi chake. Hakusema alipewa siku alipookoka, alijifunza, tena anaandika akiwa kifungoni. Kitu cha kujifunza kinachukua muda na marudio, kama unavyojifunza kumshikisha mtoto titi. Siku ya kwanza unalia, chuchu zinauma, mtoto analia, nesi anakuja, unajaribu tena. Wiki ya sita unanyonyesha huku unasinzia. Hakuna siku moja unayoweza kusema hapa ndipo nilipojua.

Na kuna Zaburi fupi sana, ya 131, ina mistari mitatu tu. Mwandishi anaifananisha nafsi yake iliyotulia na mtoto aliyeachishwa ziwa, yuko na mama yake. Wahubiri wengi wanaisoma kama mtoto anayenyonya, wanakosea. Aliyeachishwa! Mama mwenzangu, wewe unajua tofauti. Mtoto anayenyonya ukimpakata hatulii, anageuza kichwa, anatafuta, anavuta kitenge, anajua maziwa yapo na anayataka. Aliyeachishwa, baada ya zile wiki za vilio na usiku mrefu, anakaa kifuani pale pale penye maziwa na hatafuti kitu. Amekuja kwa ajili ya mama mwenyewe. Ukishajua hivyo ile Zaburi inabadilika kabisa. Utulivu wake umepitia kunyimwa. Nikimfikiria Mary amekaa na kile kitabu, amezika watoto, taa ni ya mshumaa, mume ni mfumaji na hela ya kufuma inazidi kupungua kwa sababu viwanda vimeingia, naona mtoto wa Zaburi ya 131, si yule binti wa miaka 15 anayekimbia na Biblia kifuani.

Narudi kazini kwangu kidogo, maana hili lazima niliseme. Kuna huzuni baada ya kujifungua ambayo si ukosefu wa kuridhika na wala si upungufu wa imani. Kulia-lia siku chache za kwanza ni kawaida, homoni zinashuka ghafla, hupita. Ikizidi wiki mbili, kama hulali hata mtoto akilala, hujisikii chochote kwa mtoto, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yanakuja, njoo kituo cha afya. Mwambie nesi au daktari hivyo hivyo ulivyo. Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto usiyangojee wiki mbili, njoo siku hiyohiyo. Biblia beba, itakaa kwenye begi pamoja na kadi ya kliniki. Inatibika.

SEHEMU YA 4

Mliuliza: sisi tunaingiaje? Welisi na Tanzania wapi na wapi?

Thomas Charles hakuacha kusumbuka na ile shida ya nakala. Desemba 1802 alikwenda London akaieleza kamati ya chama kimoja cha kuchapisha vijitabu vya dini: watu wa Welisi wanataka Biblia, hazipo. Katika kikao kile mchungaji mmoja, Joseph Hughes, akauliza swali lililobadilisha mambo: kama inawezekana kwa Welisi, kwa nini isiwe kwa nchi yote, na kwa dunia nzima? Tarehe 7 Machi 1804 Chama cha Biblia cha Uingereza na nchi za nje kikaanzishwa London. Mary alikuwa na miaka 19, yuko kijijini anafuma.

Wengine husema jina la Mary lilitajwa mle kikaoni. Mimi siendi mbali hivyo, kumbukumbu za kikao hazisemi hivyo. Charles alikuwa amekutana na kina Mary wengi katika zile shule zake, watu waliojua kusoma na hawana cha kusoma. Mary ni mmoja ambaye jina lake lilibaki. Na kwangu hilo halimpunguzi, linaongeza wale wengine.

Miaka 40 baadaye, 1844, anafika Mombasa Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosina, mjamzito. Miezi michache tu, Julai 1844, homa ikawakamata wote wawili. Rosina akajifungua mtoto wa kike katikati ya ile homa, akafa siku chache baadaye. Mtoto naye akafuata. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi lipo mpaka leo. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria inaletwa na mbu, hilo lilithibitishwa 1897. Kila nikimpa mjamzito chandarua na vidonge vya kuzuia malaria, halafu aniambie vidonge vinamtia kichefuchefu ataacha, natamani nimsimulie Rosina. Jamani mezeni vidonge.

Krapf akabaki peke yake, mgonjwa, na mwaka huohuo alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kazi ya tafsiri baadaye ikaendelezwa Zanzibar na askofu Edward Steere. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1879. Steere akafa 1882 bila kuiona Biblia nzima, wenzake wakamalizia, ikatoka 1891. Na nani aliyezichapa? Chama kile kile cha London kilichoanza na shida ya wafumaji wa Welisi. Kwa muda mrefu kulikuwa na Biblia ya Kiunguja na ya Kimvita, kila upande na yake, mpaka ikafanyika kazi ya pamoja na mwaka 1952 ikatoka ile ya Muungano, ambayo ndiyo bibi yako alikuwa nayo, yenye jalada jeusi, majani yamekuwa ya njano. Ukiwa na nakala ya zamani nyumbani fungua kurasa za mwanzo uone mchapaji. Leo kazi hiyo iko mikononi mwetu, Chama cha Biblia cha Tanzania makao yake Dodoma, Kenya nao wana chao.

Haya yote Mary aliyajua kiasi gani? Ya Steere hakuyaona, alikuwa ameshakufa. Kitabu kilichomfanya ajulikane duniani kilitoka mwaka 1882, yeye ameshakaa kaburini miaka 18. Kwa maisha yake yote alikuwa mama wa kijijini mwenye nyuki.

Ninapoambiwa "wito wangu umekufa, nabadilisha nepi tu," ndipo namtazama huyu. Sisi tunataka kuuona wito kama tunavyoona matokeo ya mtihani, jina lako na alama zako. Yeye alitembea, akapata kitabu, akarudi, akaishi nacho. Kilichotokana na hapo kilipita njia ambazo hakuzisimamia.

SEHEMU YA 5

Nimalizie na mwaka 1854, halafu nijibu swali la "tuanzie wapi".

Mwaka ule Chama cha Biblia kilikuwa kinakusanya michango ya kuchapisha Agano Jipya milioni moja kwa ajili ya China. Kwenye michango ya Bryn-crug kuna ya Mary: nusu ya sarafu ya dhahabu, yaani shilingi 10 za wakati huo. Ana miaka 69. Kwa mwanamke wa hali yake ile ni hela ya kuumiza, na inaaminika ni ya nyuki. Alikufa miaka 10 baadaye, Desemba 1864, akazikwa hapohapo Bryn-crug. Inasimuliwa Biblia yake ilikuwa karibu naye.

Sasa swali. Wengi mnaanza Januari na mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka, Februari mnafika Mambo ya Walawi, mtoto anaota meno, mpango unakufa na hatia inabaki. Biblia tunayotumia Waprotestanti ina sura 1,189. Ukitaka kwa mwaka ni sura tatu na zaidi kila siku. Kwa mama mwenye mtoto wa miezi minne hiyo ni adhabu. Sura moja kwa siku utamaliza kwa miaka mitatu na miezi mitatu hivi, na hakuna anayekufukuza. Mary alikuwa na ile ile moja kwa miaka 64.

Mimi nawashauri mlio na watoto wachanga muanze na Injili ya Marko. Ina sura 16 fupi fupi, mambo yanatokea haraka haraka, ukikatizwa na kilio unajua ulipoishia. Baadaye Zaburi, moja kwa siku, ni miezi mitano kamili, ila ile ya 119 igawe, usijaribu kuimaliza na mtoto mgongoni. Saa ya kusoma chagua iliyopo, usichague iliyo takatifu. Wengine ni lile nyonyesho la saa kumi alfajiri. Mama mmoja aliniambia yeye husoma wakati ugali wa jioni unaiva, sura iko wazi juu ya kabati, mwiko mkononi. Ukisoma kwa sauti mtoto anasikia sauti yako pia, na kwa mtoto mchanga hiyo ni nzuri kwa ukuaji wa lugha, hilo nalisema kama nesi. Baba naye asome, hasa zamu ya kubembeleza usiku, asisingizie hajui pa kuanzia.

Ukiruka siku tatu, siku ya nne fungua ulipoishia. Usirudi nyuma kulipa deni. Hakuna deni.

Wiki hii niko zamu za usiku mpaka Ijumaa, inboksi nitachelewa kujibu, mnisamehe. Wenye homa na wajawazito wenye dalili za hatari msiningoje mimi, nendeni kituoni. Jumamosi jioni tunaanza Marko 1, njooni na Biblia zenu, hata ile ya bibi.